Rejeta Kubwa Katika Gari la Zamani

Gari likichemka njiani, baba hufungua boneti na kutafuta fundi. Anayebaki kando ya barabara juani, na watoto, mikoba na sufuria za watu, ni mama. Kwa hiyo, mama mpendwa, usiuruke ukurasa huu ukidhani ni wa wanaume.

Mimi ni muuguzi, si fundi. Lakini nyumbani kwetu tuna Peugeot 504 yenye safu tatu za viti, tuliyoachiwa na marehemu baba mkwe. Vijana wa leo huenda hawaifahamu. Aina hii ilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1968, ikawa teksi ya safari ndefu katika nchi nyingi za Afrika, na ikashinda mbio za Safari mwaka 1975 na tena 1978. Mtangulizi wake, 404, ndiyo iliyompa Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Tanzania, ushindi wa 1966 na 1967. Gari la ukoo wa namna hiyo halitupwi kwa sababu rejeta imeoza.

Ya kwetu ilikuwa imeoza kweli. Mirija yake ilizibwa na kutu, na fundi alikuwa ameilehemu mara nyingi mpaka hapakuwa na pa kulehemu tena. Ya aina yake hatukuipata. Tulichopata ni rejeta ya pikapu ya aina nyingine: pana zaidi kwa sentimeta 5, ndefu zaidi kwa 3, nene zaidi kwa 2. Fundi akaiangalia, akaniambia, "Mama, tukikata hapa mbele kidogo tu, inaingia." Shemeji zangu nao walikuwa wamesema wazi kwamba bati la gari la baba yao lisiguswe na msumeno. Hapo ndipo kazi ilipokuwa.

Kwanza tulijiuliza kama rejeta ndiyo mgonjwa. Homa si ugonjwa, ni dalili. Na gari kuchemka ni hivyo hivyo. Gasketi ya silinda hedi ikiungua, pampu ya maji ikichoka, au feni belti ikilegea, hata ukifunga rejeta ya lori injini itachemka. Fundi mwaminifu hupima hayo kabla ya kukuuzia kitu. (Mwenye Volkswagen ya kobe asome kwa kujifurahisha tu, injini yake hupozwa kwa hewa, rejeta hana.)

Pili, ukubwa wa namna gani? Upana na urefu husaidia kuliko unene, maana eneo linalopigwa na upepo ndilo linaloongezeka. Rejeta nene mno huzuia hewa kupita, na safu za nyuma hupokea hewa ambayo imekwisha kupashwa moto na zile za mbele.

Kisha kupima. Katika 504 injini imekaa kwa urefu, feni ikitazama rejeta. Injini hukaa juu ya mipira, hivyo ukifunga breki ghafla husogea mbele. Ukiacha nafasi ya kidole kimoja, siku moja feni itaikata rejeta mpya. Sisi tulitaka sentimeta 3. Ili kujua nafasi tuliyo nayo, nilikanda unga wa chapati, tukabandika vidonge juu ya rejeta na mbele ya feni, tukashusha boneti polepole, tukaifungua na kupima unga uliobanwa. Fundi alicheka. Lakini unga ulituonyesha kuwa juu boneti ingegusa, na kwamba rejeta ikishushwa na kusogezwa mbele, karibu na grili, ingekaa bila kukata chochote.

Fundi akatengeneza breketi mbili za chuma, akazifunga kwa boliti kwenye matundu yaliyokuwapo. Chini tuliweka vipande vya mpira wa tairi, kwa sababu rejeta iliyokazwa chuma kwa chuma hupasuka kwenye barabara za mashimo. Mipira ya maji ilikataa: midomo ya rejeta mpya ilikuwa minene kuliko ya injini. Tulinunua mipira yenye upande mmoja mpana na mwingine mwembamba. Kubana mpira mpana kwa kukaza klipu kwa nguvu ni kujitafutia maji kumwagika mlimani Kitonga.

Jambo moja lilinitia hasira kidogo. Mafundi wengi wa kwetu hung'oa thamostati wakisema nchi ya joto haiihitaji. Tuliirudisha. Thamostati ndiyo huzuia rejeta kubwa isiipoze injini kupita kiasi. Injini baridi hula petroli na kuchakaa mapema. Mfuniko nao ulipaswa kuwa wa presha ileile ya gari, si wowote unaoingia. Kule Iringa maji huchemka kwenye nyuzi kama 95 tu. Presha ya mfuniko ndiyo huyazuia yasichemke mapema. Tulijaza polepole, pua ya gari ikitazama mlimani ili hewa itoke, kwa maji yaliyochujwa yenye dawa ya kuzuia kutu, si ya kisima chenye chumvi.

Sasa yangu ya wodini. Usifungue kamwe mfuniko wa rejeta injini ikiwa moto. Maji hayo hurukia uso na kifua. Akiungua mtu, mmwagilie maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, mvue pete na bangili kabla hajavimba, mfunike kwa kitambaa safi, mpeleke hospitali. Usipake dawa ya meno, siagi wala yai, wala usitoboe malengelenge.

Na ile dawa ya rangi ya kijani au nyekundu inayochanganywa na maji ya rejeta: nyingi huwa na kemikali tamu mdomoni inayoua figo. Usiiweke kwenye chupa ya soda. Ya kwetu imo kwenye dumu lake, juu ya kabati la gereji, na ufunguo ninao mimi.