TUVAE VIZURI TUNAPORINA ASALI

Maua ya mchu katika mikoko ya delta ya Rufiji huwalisha nyuki, nasi tunapata asali. Lakini wengine wetu, toka Kibiti mpaka deltani, tunarina kifua wazi, mwenge mkononi. Tukiumwa tunautupa mwenge. Mzinga unaungua, asali inapotea.

Nguo ya kujikinga tunaweza kushona wenyewe. Tuchague kitambaa kizito, cheupe, maana nyuki hushambulia zaidi rangi nyeusi. Kofia pana ya ukindu tuishonee chandarua kisicho na dawa, kining'inie mbali na uso. Suruali tuichomeke ndani ya buti, na mikono ya shati tuifunge kwa kamba. Nyuki akipata upenyo, huyo anapanda juu!

Twende jioni, tukitumia moshi, siyo moto.

Ukiumwa, uparue mwiba saa ile ile kwa ukucha, kwa sababu kifuko chake huendelea kusukuma sumu. Kisha pafukize moshi, kwani harufu ya mwiba huwaita nyuki wengine. Mtu akivimba uso au akipumua kwa shida, tumkimbize hospitali. Asingoje kesho.