Kichujio Kisimeze Oda ya Tabaka

Mchongaji wa mawe ya sabuni wa Tabaka, Kisii, huishi kwa barua za watu asiowajua. Mnunuzi wa Uingereza anaandika kwa mara ya kwanza, anauliza bei ya bakuli mia mbili, anataja dola, benki na neno "haraka". Machoni pa kichujio cha barua taka, huyo ni tapeli mtupu.

SpamAssassin, programu ya bure iliyopo tangu 2001, haihukumu barua kwa kosa moja. Hujumlisha alama: kichwa cha herufi kubwa tupu, kiungo chenye sifa mbaya, seva isiyojulikana. Jumla ikifika 5.0, barua ni taka. Kiwango hicho kimo kwenye mstari wa required_score, na mafundi wengi hukishusha hadi 3 wakisikia malalamiko mawili matatu. Kiache kwenye 5.0, ufundishe programu.

Ina sehemu inayojifunza kwa hesabu za Bayes, lakini haianzi kutoa hukumu mpaka ionyeshwe taka 200 na barua halali 200. Wengi huilisha taka peke yake, kisha hushangaa. Ionyeshe oda za Tabaka, ankara, taarifa za bonasi ya majani chai kutoka Nyamira, hata mialiko ya harambee. Hizo zote hutaja pesa, na ni halali.

Kuna pia kipimo cha lugha, ok_languages. Ukikiwasha na kuandika Kiingereza pekee, barua ya Kiswahili huongezewa alama. Kiswahili unaweza kukiongeza kwa kuandika sw. Ekegusii, lugha ya Wakisii, haimo kabisa kwenye orodha, kwa hiyo taarifa ya chama cha akina mama wa Keroka inaweza kudhaniwa lugha ya mbali. Kwa ofisi za Kisii na Nyamira, mimi kipimo hiki sikiwashi.

Anayejifanya wewe huzuiwa kwa njia nyingine: rekodi za SPF, DKIM na DMARC kwenye jina la tovuti yako. Tangu Februari 2024, Google huzidai zote tatu kwa anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda Gmail, na Yahoo kwa anayetuma barua kwa wingi.

Barua iliyofika 5.0 usiifute. Ipeleke kwenye folda ya taka, na mtu mmoja ofisini aipitie kila asubuhi, akianza na zile za 5 hadi 8. Oda nyingi zilizopotea hulala humo.