Mtoto Aliyezaliwa na Nyayo za Kupinda

Katika kila watoto elfu moja wazaliwao, yapata mmoja huja duniani akiwa na wayo mmoja, au nyayo zote mbili, zilizopinda kuelekea ndani. Kisigino huwa kimevutwa juu, na unyayo hugeukia mguu wa pili badala ya kutazama chini. Wavulana hupatwa karibu mara mbili kuliko wasichana. Mtoto mwenyewe haumwi. Hunyonya na kunenepa kama wenziwe, na kwa sababu hiyo wazee wengi husema kwamba atanyoka akianza kutembea. Hanyoki. Hukanyaga kwa ubavu wa wayo, pengine hata kwa mgongo wake, ngozi ya hapo ikafanya sugu na vidonda, na viatu vya dukani visimfae tena.

Kuna maneno mengi juu ya jambo hili. Wengine hutaja laana, na wengine humlaumu mama bure. Madaktari hawajajua chanzo hasa, ila wamekwisha kuona kwamba wayo huanza kukua vyema tumboni kisha hupinda kabla ya kuzaliwa, na kwamba mara nyingine huonekana katika ukoo mmoja. Wala haya si matege, ambayo humpata mtoto baadaye kwa kukosa jua na chakula bora, na ambayo yana matibabu yake mbali.

Zamani madaktari wengi walikuwa wakiupasua wayo ili waunyoshe. Ulinyoka, lakini wengi walipokuwa watu wazima nyayo zao zilikuwa ngumu na zenye maumivu. Daktari Ignacio Ponseti, Mhispania aliyefika Iowa, Marekani, mwaka 1941, aliyaona hayo akatafuta njia ya upole zaidi. Aliandika habari zake mwaka 1963, na wenziwe hawakumsikiliza sana mpaka miaka ya 1990. Leo njia yake ndiyo itumikayo katika nchi nyingi, na Kenya pia.

Njia yenyewe hutegemea ulaini wa kano za mtoto mchanga. Mtaalamu huunyosha wayo kidogo kidogo kwa mikono, kisha huufunga plasta toka vidoleni hata pajani, goti likiwa limekunjwa. Baada ya juma moja plasta hutolewa, wayo hunyoshwa tena, na plasta mpya hufungwa. Mara tano au sita huwatosha watoto wengi. Mwishoni, wengi wao hutiwa ganzi na kukatwa ukano wa kisigino kwa kisu kidogo. Ni kazi ya dakika chache, na ukano huunga wenyewe ndani ya plasta ya mwisho, ikaayo majuma matatu.

Nyumbani, mama yampasa kuviangalia vidole kila siku. Vikiwa vya baridi, vikibadilika rangi, au vikizama ndani ya plasta, na arudi hospitali siku ile ile, asingoje tarehe aliyoandikiwa.

Lakini shida kubwa huja baada ya plasta, wakati wayo umekwisha kupendeza. Mtoto hupewa viatu viwili vilivyoungwa kwa kipande cha chuma, avivae saa 23 kila siku kwa miezi mitatu, kisha awe akivivaa alalapo tu mpaka afikishe miaka minne au mitano. Usiku wa kwanza hulia, nyanya yake akamwonea huruma na kuvivua. Huruma hiyo ina gharama, maana wayo ulioachwa bila viatu hivyo mara nyingi hurudi kupinda, na kazi ya plasta ikaanza upya. Nauli ya kila juma si jambo dogo kwa mkulima, na kuilipa mara mbili ni vigumu zaidi.

Afadhali kuanza katika majuma ya kwanza ya maisha. Zahanati ya karibu huweza kumwelekeza mzazi kwenye hospitali yenye kliniki ya nyayo. Na huko Kijabe hospitali ya CURE, iliyofunguliwa mwaka 1998, hutibu watoto wenye ulemavu wa mifupa na viungo. Hata mtoto aliyekwisha kutembea asifichwe nyumbani. Wengi wa namna hiyo wamenyoka kwa plasta, ingawa huhitaji nyingi zaidi, na baadhi yao hawana budi kupasuliwa.