Fedha Mkononi mwa Mama

Wengi husema, "Ukimpa maskini fedha atazipoteza." Je, ni kweli? Tutazame mambo yaliyotokea Masisi.

Mwaka 2011 shirika la Concern Worldwide lilianza kusaidia jamaa 474 waliokimbia vita na kukaa kambini. Kila jamaa ilipewa msaada wa dola 130, kidogo kidogo. Wengine walipewa fedha zenyewe. Wengine walipewa vyeti vya kununulia vitu katika soko lililotengwa.

Wenye vyeti walinunua chumvi nyingi, kwa maana chumvi haiozi, tena huuzwa upesi. Wenye fedha walinunua vitu vya namna nyingi zaidi, kila mmoja kwa shida yake. Walipochunguzwa, wenye vyeti hawakuwa na hali bora kuliko wenye fedha. Tena kugawa fedha kulikuwa na gharama ndogo. Basi mama maskini anajua haja za nyumba yake.

Lakini fedha huisha. Siku ya kuzipokea, baba na mama waketi pamoja wahesabu. Wasifichane kitu.

Kwanza, watazame watoto. Mtoto akivimba miguu na nywele zake zikigeuka rangi, huenda ni bwaki. Apelekwe hospitali siku ile ile, asingoje kesho.

Pili, wanunue maharagwe ya kula na mbegu za kupanda. Tatu, jembe. Pombe haimo katika hesabu hii.

Anayekula mbegu zake zote, mwaka ujao atavuna nini?