Vunjajungu Havunji Jungu

Wasomaji wengi bila shaka wanamjua vunjajungu, mdudu wa kijani au wa rangi ya majani makavu, ambaye husimama amekunja mikono mbele ya kifua kana kwamba anasali. Tangu utoto tulionywa tusimguse. Wazee walisema kwamba amgusaye, chombo atakachokishika baadaye kitavunjika, na ndiyo maana ya jina lake. Kwa hiyo nilimchukia, na kila nilipomwona nilimponda kwa kiatu.

Jumamosi moja, nilipokuwa nikipalilia maharagwe, nilimkuta mmoja juu ya jani, naye amemkamata panzi. Niliinua jembe nimpige, kisha nikasita, maana panzi ndio waliokuwa wakiyamaliza majani ya maharagwe yangu. Nikachuchumaa kumtazama. Alimla panzi yule polepole, angali hai, mpaka zikabaki mbawa tu. Halafu akageuza kichwa, akanitazama.

Tangu siku hiyo nimejitahidi kujifunza maisha yake. Miguu yake ya mbele ina miiba, nayo hufumba upesi kama mtego. Macho yake mawili hushirikiana kupima umbali wa windo. Mwaka 2016 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walitangaza kwamba wamelithibitisha jambo hilo kwa kumvisha miwani midogo. Tena, vunjajungu wa aina nyingi wana sikio moja tu, nalo liko upande wa chini wa mwili, karibu na miguu ya nyuma. Habari hiyo ilielezwa na wataalamu mwaka 1986. Arukapo usiku, kwa sikio hilo husikia sauti ya popo, ambayo sisi wanadamu hatuisikii, naye hujitupa chini ili aokoke.

Jike hutaga mayai ndani ya povu, ambalo hukauka likawa gumu juu ya kijiti, ukuta au ua. Watoto hutoka wengi, wadogo mno, wakifanana na wazazi wao ila hawana mbawa. Nao hujivua ngozi mara kadhaa mpaka wakomae. Niliposikia hayo nilitahayari. Mapovu hayo makavu niliyakwangua mara nyingi katika ua wangu nikayatia motoni, nikidhani ni ugonjwa wa miti.

Si haki kumsifu kupita kiasi. Hula nyuki kama alavyo panzi, na pengine jike humla dume wake. Wala peke yake hawezi kuwamaliza wadudu waharibifu shambani. Lakini dawa tunayonyunyiza ovyo humwua yeye pia, na panzi wajao hawatamkuta mwindaji wao. Basi, ndugu mkulima, uonapo povu kavu juu ya kijiti, liache.

Juzi mtoto wangu alimwona vunjajungu mlangoni, akatwaa fimbo. Nilimzuia, nikamwacha mdudu apande mkononi mwangu. Kisha nikaingia ndani kunywa chai. Mtoto alikikodolea macho kikombe changu mpaka nilipokitua mezani. Hakikuvunjika.