Marahibu, Wakimbizi na Ardhi ya Bara

Msafiri atokaye Webuye kwenda Kitale huuona Mlima Elgon mkono wake wa kushoto, umelala kama jahazi lililopinduliwa ufuoni. Chini yake ni mahindi, na mahindi tena, mpaka macho yachoke. Mtu wa pwani kama mimi, aliyezoea minazi na mikoko, hupata tabu kuamini kwamba ardhi nzuri namna hii imemwagiwa damu. Imemwagiwa, tena si mara moja. Mwaka 1992 nyumba zilichomwa moto Trans Nzoia na Bungoma. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, uwanja wa maonyesho ya kilimo mjini Kitale ukageuka mji wa mahema. Na kule mlimani kwenyewe, tangu 2006 hadi 2008, watu walichinjana kwa ajili ya viwanja vya Chebyuk.

Katika misiba hiyo wengi walikimbilia ua wa kanisa. Ndiyo sababu nikataka kujua habari za watawa wa Kikatoliki, ambao sisi huku tunawajua kwa kanzu zao tu.

Waliosoma chuoni hawatashangaa kulisikia jina lao, marahibu. Kurani imewataja. Katika Suratul Hadid ruhubani imeelezwa kuwa jambo walilolizua wenyewe. Katika Suratul Maida wametajwa kwa wema, kwamba hawana kiburi. Na Sayyidna Abubakari alipoyaaga majeshi yaendayo Shamu aliusia kwamba waliojitenga katika nyumba zao za ibada wasiguswe. Basi si wageni kwetu kama tudhanivyo.

Mfano ulio wazi wa hao katika Kenya haukuwa Kitale wala Bungoma. Ulikuwa kusini zaidi, Kipkelion, kituo ambacho wazee wa reli walikiita Lumbwa. Mwaka 1956 marahibu wa Kitrapisti kutoka Tilburg, Uholanzi, walijenga hapo nyumba yao, wakaiita kwa jina la Mama Yetu wa Viktoria. Watu hawa huamka usiku wa manane kusali, kama afanyavyo kwetu mwenye kusimama tahajudi, kisha mchana hufanya kazi kwa mikono. Kanuni yao, aliyoiandika Benedikto wa Italia katika karne ya 6, yawaamuru kumpokea kila mgeni kama wampokeaye Kristo mwenyewe. Tena huapa kutohama: nyumba aliyoingia mtu ndiyo atakayozikwa.

Januari 2008 viapo viwili hivyo viligongana. Waliofukuzwa mashambani wakaja wakajaa monasterini, nao wakapokewa. Vita vikawafuata mpaka hapo hapo. Katika ugomvi wa ardhi, ampokeaye aliyefukuzwa huhesabiwa kuwa wa upande wake, hata kama lango lake li wazi kwa wote. Mwisho marahibu wenyewe wakafungasha, wakaenda kuanza upya Uganda. Wako watakaosema wameshindwa. Mimi nitawauliza wale waliolala salama siku zile ndani ya ua ule.

Walakini ua hauwezi kumrudisha mtu shambani kwake, na hapo ndipo ninapomtaja Askofu Cornelius Korir wa Eldoret, aliyefariki Oktoba 2017. Huyu hakuwa rahibu. Alikuwa Mkalenjin, na mwaka 2008 kanisa lake kuu lilihifadhi maelfu, wengi wao Wakikuyu. Kitale ilikuwa chini ya jimbo lake mpaka 1998, ilipopewa askofu wake. Njia yake aliieleza mwaka 2009 katika kitabu kiitwacho Amani Mashinani. Kila kabila likae peke yake kwanza, liseme uchungu wake bila kuoneana haya. Kisha wachache wa huku waonane na wachache wa kule. Wakisikizana, wapewe kitu cha kushirikiana: josho la ng'ombe, barabara, shule. Naipenda hiyo ya josho. Ng'ombe wa adui yako akiogeshwa dawa moja na wako, utataka apone.

Huko Mlima Elgon, upande wa Bungoma, kazi kama hiyo ni ngumu zaidi. Ugomvi ulikuwa wa Wasabaoti kwa Wasabaoti, Wasoy na Wamosop, nani apewe kiwanja na nani anyimwe. Wapiganaji waliojiita jeshi la kulinda ardhi ya Sabaoti waliua, wakakata watu masikio. Machi 2008 Serikali ikapeleka wanajeshi, nao pia wakashutumiwa kwa kutesa na kuwapoteza watu. Shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti yake Julai mwaka huo, na jina lililoipa maana yake ni kwamba wanaume wote wamekwisha kuondoka. Waliobaki vijijini wengi walikuwa wanawake na watoto, wakiwangojea watu ambao hawakujua kama wako jela, msituni au kaburini. Kikao cha upatanisho kingeanza na nani hapo?