Mteja akikupigia debe, umlipe nini?

Wafanyabiashara wana msemo wao wa miaka yote: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Msemo huo haumtaji anayekiuza hicho chema. Mara nyingi ni mteja aliyeridhika, anapomsimulia jirani yake. Makampuni siku hizi yanamwomba mteja huyo aifanye kazi hiyo kwa makusudi: apige picha, arekodi video au abuni tangazo, kisha alisambaze mwenyewe.

Mfano unaotajwa sana ni wa Frito-Lay ya Marekani, kampuni iliyo chini ya PepsiCo, inayotengeneza vitafunwa vya mahindi vya Doritos. Mwaka 2006 iliwaalika walaji watengeneze matangazo ya sekunde 30, na litakaloshinda lirushwe wakati wa Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani. Tangazo lililoshinda na kurushwa Februari 2007 liliwagharimu waliolitengeneza dola 12.79 tu. Mwaka 2009 ndugu wawili wa jimbo la Indiana waliongoza kura ya matangazo ya gazeti la USA Today, wakayapiku makampuni makubwa ya matangazo na kuzoa dola milioni 1 zilizoahidiwa. Shindano hilo liliendelea hadi 2016, likarudishwa kwa fainali ya 2025.

Msomaji mwenye haraka ataziona dola 12 na kudhani amepata njia ya kutangaza bure. Hapo ndipo hesabu inapokosewa. Sekunde 30 za hewani katika fainali ya 2007 ziliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 2. Ongeza zawadi na mishahara ya wanaochambua kazi zilizoletwa. Faida haikuwa katika unafuu wa kutengeneza tangazo. Ilikuwa katika wiki nyingi za watu kuitaja Doritos kabla ya mpira kuanza, kwani aliyetafuta kura za umma alikuwa na kila sababu ya kuwaita ndugu na marafiki. Mwekezaji anayesifiwa kampuni kwa matangazo ya aina hii na aulize kwanza gharama hizo zimeandikwa wapi katika mahesabu.

Upo pia upande wa pili. Mwaka huohuo wa 2006 Chevrolet iliweka picha na muziki kwenye intaneti, watu waandike wenyewe maneno ya tangazo la gari lake kubwa, Tahoe. Wengi walisifu. Wengine waliandika juu ya ulaji wa mafuta na kuongezeka kwa joto duniani. Kampuni iliyaacha matangazo hayo yaonekane, na ilifanya vyema. Kuyafuta kungezua habari kubwa zaidi.

Kuhusu malipo, LEGO ya Denmark ina utaratibu ulio wazi. Mteja anayebuni seti ya vitofali vya kuchezea na kuungwa mkono na watu 10,000, ubunifu wake huchunguzwa. Ukiingia sokoni, hupewa asilimia 1 ya mauzo halisi.

Kwa fundi cherehani au mama lishe wa Dar es Salaam, mambo ni madogo lakini hesabu ni ileile. Mteja aliyependeza na gauni lake akiweka picha WhatsApp na kumtaja fundi, huo ni mtaji. Tatizo huanza fundi anapoichukua picha hiyo na kuibandika kwenye bango la duka bila kuuliza. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda picha kama kazi ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda aliyemo ndani yake. Picha ya bibi harusi huenda ikawa na wenyewe wawili: aliyeipiga na mwenye sura.

Dawa yake haihitaji wakili. Ujumbe wa simu unatosha kuanzia: "Dada, naomba kutumia picha yako dukani na Instagram, nitakupunguzia shilingi 5,000 ukija kushona tena." Akijibu "sawa," ujumbe usifutwe. Na siku akija kushona, apunguziwe bila kukumbushia.